Ukinyamaza Umeuza Yote: Jibu kwa Mchoraji wa Roysambu

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, nina miaka 28, naishi Roysambu. Kazi hii nimeifanya miaka minne. Juzi kampuni moja ya uchapishaji imenipa michoro 40 ya kitabu cha Gredi ya 3: kumi ya ukurasa mzima na thelathini midogo, yote ya rangi. Wanalipa 1,200 kwa kila mchoro, wanaitaka kazi kwa wiki tatu, na pesa zinatoka siku 90 baada ya kukabidhi. Mkataba ni mstari mmoja tu wa barua pepe: “haki zote ni zetu”. Sasa nimesikia kwamba kaka mmoja ninayemfahamu alifanya kazi kama hii kwao akalipwa 3,500 kwa mchoro. Tena mwaka jana, mbuzi niliyewachorea kwa kitabu kingine nilimkuta kwenye jalada la daftari dukani Githurai, bila hata jina langu. Naogopa nikiongea watampa mwingine. Nidai vipi? Au ni tamaa? Na jambo la mwisho: wanataka pia faili zenye leya (tabaka) zote za mchoro. Niwape?

Jibu:

Dada, nianze na huyo mbuzi, kwa sababu ukimwelewa yeye, michoro 40 haitakusumbua.

Wachoraji wengi wa hapa Nairobi wanaamini kwamba aliyechora ndiye mwenye hakimiliki, basi, mambo yameisha. Ni kweli ukijichorea mwenyewe, kwa hiari yako, bila kuagizwa na mtu. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, ina kifungu cha 31 ambacho wenzetu hawakisomi mpaka wachomeke. Kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Yarudie hayo maneno ya mwisho. Mkikaa kimya nyote wawili, wewe kwa aibu na yeye kwa ujanja au kwa kutojua tu, kimya hicho kina mwenyewe, na mwenyewe ni mteja.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Mwaka wa 2008 shirika moja liliniagiza nichore mtoto ananawa mikono kwenye kibuyu kilichoning'inizwa mtini, bango la kubandika kliniki. Walinilipa 6,000 taslimu, nikatoka pale nikipiga mluzi. Miezi minane baadaye nilimwona mtoto wangu kwenye fulana, kwenye kalenda, na ubavuni mwa gari aina ya pikapu lililonipita Thika Road huku nimesimama stejini nikisubiri matatu. Nikaenda ofisini kwao nimefura. Afisa aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akanigeuzia mezani nione: kulikuwa na risiti ya 6,000 yenye sahihi yangu na maneno “kuchora picha”. Hakuna kingine. Akaniuliza kwa upole, “Wewe ulituambia tusiitumie wapi?” Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo kuhusu mbuzi wako sitakupa matumaini ya bure. Ingia kwenye simu yako, utafute mazungumzo yenu ya wakati ule, barua pepe na WhatsApp. Kama mhariri aliandika “tunataka mbuzi wa ukurasa wa 14, kitabu cha Gredi ya 2”, nawe ukajibu sawa, hayo ni maandishi yanayoonyesha kazi iliagizwa kwa ajili gani, na wakili anaweza kuyajengea hoja kwamba makubaliano yalikuwa na mpaka. Angalia pia aliyechapisha daftari ni nani. Kama si kampuni ile ile, basi uliza aliupata mchoro kwa ruhusa ya nani. Na lipo jambo moja ambalo halikuhama hata kama hakimiliki ilihama: kifungu cha 32 kinamlindia msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima, hata baada ya kuuza haki nyingine. Jina lako unaweza kulidai leo. Piga picha daftari, hifadhi risiti ya duka, kisha uandike barua yenye adabu. Wakikupuuza, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inapokea malalamiko ya aina hii. Usitarajie mamilioni, ila barua hiyo itawakumbusha kwamba mbuzi ana mama.

Sasa tuje kwa hiyo 40.

Unauliza kama ni tamaa. Tamaa ni kutaka zaidi ya haki yako, na wewe bado hujaijua haki yako ni ngapi, maana hakuna mahali katika barua yako ulipopiga hesabu. Umelinganisha bei yao na bei ya yule kaka, na ile 1,200 umeikuta mezani ukaichukua kama bei ya mkate. Nimefungua daftari la binti anayejifunza kazi kwangu, anayepanga Zimmerman, jirani zako kabisa. Kwa mwezi: kodi ya nyumba 13,000, chakula 15,000, nauli 4,000, intaneti 2,500, tokeni za stima 1,500. Tableti yake ya kuchorea ilimgharimu kama 60,000 na anaihesabia miaka mitatu, kwa hiyo kila mwezi inakula 1,700. SHA, ile bima ya afya ya serikali, 1,300. Kwa mama yake kijijini 5,000. Akiba 6,000. Hizo ni 50,000, na hajanunua kiatu. Ili abaki na 50,000 baada ya kodi ya mapato, inabidi aingize karibu 60,000.

Sasa siku. Wengi hukosea hapa. Mwezi una siku 22 za kazi, lakini siku za kuchora kazi inayolipwa si 22. Kuna siku ya kufuatilia pesa, siku ya kuandika makadirio ya kazi ambayo hutaipata, siku ya stima kupotea, siku mteja amebadilisha nia, na Januari nzima ambayo mji wote hauna kitu. Binti huyu alijiandikia kwa miezi sita akapata wastani wa siku 12. Gawanya 60,000 kwa 12: siku yake moja ni 5,000.

Mchoro wa ukurasa mzima wenye rangi, ukiwa na watoto watano na darasa nyuma yao, ni siku moja na nusu pamoja na rasimu. Midogo mitatu inatoka kwa siku moja. Kwa hiyo kumi ya ukurasa mzima ni siku 15, na thelathini midogo ni siku 10. Jumla ni siku 25 za kuchora. Wao wamekupa wiki tatu, yaani siku 21 ukizihesabu na Jumapili zote! Kabla hata hatujafika kwenye pesa, wamekuagiza kazi isiyoingia kwenye kalenda, nawe ulikuwa unajilaumu kwamba wewe ni mzito.

Kwa bei ya siku 5,000, mchoro wa ukurasa mzima unakuwa 7,500 na mdogo 1,700, tukikaza kidogo. Kazi yote ni 126,000. Gawanya kwa 40 upate 3,150 kwa mchoro. Unaona? Yule kaka wa 3,500 hakupendelewa. Alilipwa gharama ya kazi na kitu kidogo juu yake. Wewe umepewa 48,000, ambazo ukizigawa kwa siku 25 hazifiki 2,000 kwa siku, na siku 90 baadaye zitakuja zimekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio.

(Hiyo asilimia 5 usiililie. Si kampuni inayokula. Inapelekwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN yako na cheti chake kinaonekana iTax, nawe unaihesabu unapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Nimewaona wachoraji wakikosana na wahasibu kwa jambo hilo tu. Gombana nao cheti kisipoonekana.)

Lakini 126,000 ni bei ya mkono wako tu. Bado hujauza ruhusa ya kutumia, na ruhusa ndiyo bidhaa yenyewe. Karatasi yenye mbuzi haina thamani kubwa. Thamani iko katika kumzalisha mbuzi huyo mara elfu mia. Chama cha wachoraji cha New York, Graphic Artists Guild, kilichoanzishwa 1967, na kile cha London, Association of Illustrators, cha 1973, vimewafundisha watu wao kwa miaka mingi kuuliza maswali yale yale kabla ya kutaja bei: itatumika kwenye nini, nchi zipi, kwa muda gani, nakala ngapi, na je, mwingine anaweza kuutumia pia? Usichukue bei zao, maana kodi ya nyumba Brooklyn si ya Roysambu. Chukua maswali yao. Mchoro ule ule una bei moja ukikaa ndani ya kitabu kimoja kwa miaka mitano, bei nyingine ukitoka kuwa jalada, na bei nyingine kabisa ukiwa juu ya pakiti ya maziwa katika kila duka nchini. “Haki zote ni zetu” maana yake wanataka hizo zote, mpaka miaka 50 baada ya wewe kufa, kwa 1,200.

Na kitabu cha shule kina siri yake ambayo ningependa uitumie. Mchapishaji hajui kama kitabu kitapita. Anakipeleka KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kitathminiwe, na kikianguka, pesa aliyokupa amekula hasara. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya 1,200, hata kama hakuitaja. Ila kikipita na kuingia katika vitabu ambavyo serikali inanunua na kupeleka shuleni moja kwa moja, kama ilivyo tangu 2018, mambo yanageuka. Kila gredi ina watoto zaidi ya milioni moja. Hata akipata sehemu ya hao tu, anachapisha malaki. Yeye ana hofu leo na ana matumaini kesho, na bei yako inaweza kuwa na miguu miwili vivyo hivyo. Mwambie: 126,000 kwa kazi, na 60,000 nyingine kitabu kikiidhinishwa na kupata oda ya serikali. Akilia sana, shuka mpaka 100,000 ya sasa lakini ile ya pili ipande iwe 80,000. Mhariri mwenye akili anaupenda mpango huu kwa sababu anaweza kumwelezea mkubwa wake: tunalipa kidogo tukianguka, tunalipa vizuri tukishinda. Ukimpa hoja ya kupeleka ghorofani, umemgeuza kuwa wakili wako.

Hiyo 100,000 ndiyo sakafu. Ni siku kwa 4,000, yaani binti yetu bila akiba na bila kutuma kitu kwa mama. Chini ya hapo unakataa. Iandike kwenye karatasi kabla ya simu, uibandike ukutani, kwa sababu sauti ya mtu mkarimu kwenye simu inaweza kukusahaulisha jina lako.

Tuongelee hiyo simu. Usijibu bei papo hapo, hata akisema ana haraka. Sema “nipe mpaka kesho saa nne nikuandikie makadirio.” Atakapokuwa ameyasoma, atapiga, na mazungumzo yatakuwa kama haya niliyoyasikia mara mia:

“Dada, tumeona. Lakini bajeti yetu ni 1,200 na haisogei.”

“Nimekuelewa. Basi tuone bajeti hiyo inatosha nini. Kwa 48,000 naweza kukufanyia michoro midogo 28 ya rangi. Ya ukurasa mzima mtaiacha, au mtaiongezea bajeti. Nikuandikie hivyo?”

Halafu nyamaza. Ukimya huu sasa ni wako. Sikia feni ya ofisi yao ikizunguka. Usijaze nafasi hiyo kwa “lakini naweza kupunguza kidogo.” Ona ulichofanya: hukupunguza bei, umepunguza kazi. Ukishusha bei kwa kazi ile ile, umekiri kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na mwaka ujao wataanzia kwenye ile uliyoishukia. Ukipunguza kazi, bei yako imebaki imesimama. Vya kupunguza viko vingi: idadi ya michoro, rangi iwe nyeusi na nyeupe, mandhari ya nyuma yaondoke, muda wa ruhusa uwe miaka mitatu badala ya mitano.

Atakwambia kuna kijana Rongai anachora kwa 500. Huenda yupo kweli. Mjibu: “Asante kwa kuniambia. Akikwama katikati, namba yangu mnayo.” Usimtukane kijana wa watu. Atakwambia jina lako litajulikana. Jina kwenye ukurasa wa hakimiliki tayari ni haki yako, kwa hiyo anakuuzia ng'ombe wako mwenyewe. Siku hizi watakwambia pia kwamba kompyuta inachora bure. Hapo sina hotuba ndefu. Mwambie ajaribu kupata msichana yule yule, mwenye pengo lile lile la jino na sweta ile ile, katika kurasa 40, na sufuria iliyokaa juu ya mafiga matatu bila mguu wa nne kuota. Wengine watajaribu, na wengine watarudi kwako wamechelewa, na kazi ya haraka ina bei yake.

Na wakimpa mwingine? Inawezekana. Sitakudanganya kwamba kila anayedai anapata. Katika miaka yangu nimepoteza kazi kadhaa kwa sababu ya bei, na moja ilikuwa Agosti ya njaa kweli. Lakini hesabu tena: kazi ya siku 25 kwa 48,000 ingekufungia mwezi mzima na zaidi, ukashindwa kuchukua nyingine, halafu usubiri robo mwaka. Kazi ya namna hiyo ukiikosa umepata mwezi.

Kuhusu maandishi, huhitaji wakili wa Upper Hill kwa mara ya kwanza. Kwenye barua pepe yako ya makadirio andika aya hii, nao wajibu “tumekubali”, kisha iingie kwenye mkataba wenye sahihi:

“Mchoraji anabaki na hakimiliki ya michoro hii. Pande zote zinakubaliana kwamba hakimiliki haihamii kwa mchapishaji kwa sababu ya kazi kuagizwa. Mchapishaji anapewa ruhusa ya pekee ya kutumia michoro 40 ndani ya kitabu hiki, nakala za karatasi, nchini Kenya, kwa miaka 5. Matumizi mengine yoyote, yakiwemo toleo la kidijitali, daftari, kalenda, bango na mavazi, yatakubaliwa kwa maandishi na kulipiwa kando. Jina la mchoraji litachapishwa kwenye ukurasa wa hakimiliki.”

Sentensi ya pili ndiyo inayokifunga mdomo kifungu cha 31. Hiyo usiwaruhusu waifute kwa kisingizio kwamba “hiyo ni kawaida tu.” Wakitaka haki zote kwa dhati, zina bei, na mimi huanzia mara tatu ya bei ya kazi. Mara nyingi wakisikia hivyo wanagundua kwamba hawakuzihitaji. Walikuwa wamenakili mkataba wa mtu.

Ongeza marekebisho mara mbili bila malipo, ya tatu kwa saa, na kwamba wakisitisha kazi katikati watalipa sehemu iliyokwisha fanywa. Basi, hayo hayahitaji maneno mengi.

Malipo yanahitaji. Fundi anayekujengea ukuta Githurai hapandi ngazi kabla hujatoa pesa ya mawe na simiti, na hakuna anayemwita mtovu wa adabu. Wewe nawe omba asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 rasimu zikikubaliwa, na 30 kabla ya kutoa faili kubwa za kuchapisha. Mpaka hapo wanaona picha ndogo zenye jina lako limepitishwa katikati. Kampuni kubwa itasema mfumo wao hauruhusu malipo ya awali. Basi dai LPO, yaani hati rasmi ya kampuni ya kuagiza kazi, yenye namba, kabla ya kugusa kalamu, na siku 30 badala ya 90, zihesabiwe tangu tarehe ya ankara. Ankara yenyewe itoe kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana tangu Januari 2024 mhasibu wao akilipa bila ankara hiyo hawezi kuhesabu gharama hiyo kwa kodi, na ukimpelekea ya Word atakuwa amepata kisingizio kizuri cha kukaa na pesa zako. New York tangu 2017 wana sheria inayomtaka mteja wa kazi ya dola 800 na zaidi aweke mkataba wa maandishi na alipe ndani ya siku 30 pale ambapo tarehe haikutajwa. Uingereza tangu 1998 anayechelewesha deni la biashara anadaiwa riba, asilimia 8 juu ya riba ya benki kuu yao. Wewe usisubiri mtu akutungie, iandike riba ya kuchelewa mwenyewe kwenye mkataba, hata asilimia 2 kwa mwezi, mradi waione na kuikubali kabla.

Wakikataa kulipa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mimi nimeitumia mara moja, 2022, kwa deni la 86,000 lililokuwa limefikisha umri wa mtoto wa kutembea. Nilipanga karatasi zangu kwa tarehe: LPO, barua pepe ya kukubali rasimu, ankara, na kumbukumbu za WhatsApp ambapo mhasibu ameandika “wiki ijayo” mara kumi na moja. Nilizihesabu na kuzipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kesi haikusikilizwa hata siku moja. Walipopata hati, pesa ilikuja kwa M-Pesa. Mhasibu yule bado ananisalimia tukikutana mjini.

Lililobaki ni lile la yule kaka wa 3,500. Umelipata kwa bahati, kama mtu anayesikia umbea kwenye foleni ya benki. Haikupaswa kuwa hivyo. Mpigie umshukuru, kisha umwulize mambo matatu: alilipwa baada ya siku ngapi, alitia sahihi mkataba gani, na aliyempa hiyo bei ana cheo gani. Nawe umwambie zako. Wachoraji tunakutana kila Septemba kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit, tunasifiana rangi na brashi, na hakuna anayetaja takwimu moja, kana kwamba ni ugonjwa. Wachapishaji wanazijua bei zetu zote. Sisi peke yetu ndio tusiozijua. Na usimwendee mhariri ukisema “mbona fulani alipata 3,500”, utamchoma kaka wa watu na hutapata kitu. Nenda na siku 25 zako.

Faili zenye leya, usiwape. Faili ya kuchapisha ni mchoro. Yenye leya ni jiko lako lote na sufuria zake: wanaweza kumtoa mtoto, kubadilisha sweta, kumhamisha mbuzi apande jalada lingine. Ikiwa wanahitaji kurekebisha maandishi yaliyo juu ya picha, watengenezee faili yenye leya mbili tu, picha iliyobanwa pamoja na nafasi ya maandishi. Wakisisitiza zote, ongeza nusu ya bei ya kazi na uandike kwamba hawaruhusiwi kuzihariri bila wewe. Tuma makadirio yako kabla ya Jumatatu, wahariri huyasoma asubuhi kabla ya mikutano, na usifungue tableti mpaka LPO iwe mkononi.